Suna ni jina letu, kampuni ni yao

Kwa Dholuo, mbu anaitwa suna. Kuna mtego wa mbu unaouzwa kwa jina hilohilo, Suna, na ulijaribiwa kisiwani Rusinga, hapahapa Homa Bay, kati ya 2012 na 2015, kwenye nyumba zaidi ya 4,000. Mtego unatoa harufu inayofanana na ya binadamu, feni ndogo ya sola inamvuta mbu ndani, na habari yake inaishia hapo. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2016: nyumba zilizokuwa na mitego zilikuwa na malaria pungufu kwa karibu asilimia 30.

Si mchezo hiyo. Sasa uliza ni nani anayeuza huo mtego. Ni Biogents, kampuni ya Regensburg, Ujerumani. Na Biogents yenyewe ilitoka wapi? Ilizaliwa mwaka 2002 kutoka Chuo Kikuu cha Regensburg, na watafiti waliokuwa wakichunguza ni harufu gani inayomvutia mbu kwa mtu. Walianza na maabara, wakaona kuna biashara ndani yake, wakatoka wakafungua kampuni, na chuo hakikuwafungia mlango.

Sina ubaya na Wajerumani. Walifanya homework yao, kama tunavyosema. Maneno yangu ni kwetu sisi. Mbu ni wetu, jina ni letu, damu iliyonyonywa ni yetu, na waliokubali vifaa viwekwe nyumbani kwao ni watu wa Rusinga. Watafiti wa icipe pale Mbita walikuwa ndani ya kazi hiyo pamoja na wenzao wa Wageningen, Uholanzi. Lakini saa ya kampuni ilipofika, kampuni ilikuwa ng'ambo.

Wacha nikuonyeshe mahali ninapoandikia, uone kwa nini hili jambo linaniwasha. Rodi Kopany ni njia panda. Barabara moja inashuka Homa Bay mjini, kwenye Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Nyingine inaenda Rongo, kwenye Chuo Kikuu cha Rongo. Ya tatu inapita Ndhiwa hadi Sori, ziwani. Ukifika Homa Bay ukiendelea kando ya ziwa, unafika Mbita, ambako icipe wana kituo cha utafiti kinachojulikana dunia nzima. Mwaka 2020 wanasayansi wa icipe walitangaza kwamba wamepata kiumbe kidogo sana, Microsporidia MB, kinachoishi ndani ya mbu na kuzuia vimelea vya malaria visikue humo. Baadhi ya mbu hao walitoka huku kwetu, kando ya ziwa.

Kwa hivyo usiniambie huku hakuna sayansi. Iko, tena ya hali ya juu. Ila hapa stejini Rodi utapata msee mwenye digrii anaendesha boda, na mfukoni mwa simu yake kuna mradi wa mwaka wa mwisho ambao hakuna mtu ameusoma tangu siku alipopewa alama.

Tuchukue mfano wa kitu ambacho kila mtu hapa anakijua: kayongo. Wewe wa Nairobi, hilo ni gugu lenye maua mazuri ya zambarau, na uzuri wake unaishia kwa macho. Mizizi yake inajishika kwa mizizi ya mahindi na kunyonya. Mmea mmoja unatoa mbegu makumi ya maelfu, na mbegu hizo zinakaa udongoni miaka na miaka zikisubiri mahindi yapandwe. Nyanya yako akikwambia shamba limerogwa, kuna uwezekano anaongea juu ya kayongo. Hata Wazungu wanaliita gugu la wachawi.

Sayansi imelijibu gugu hili mara tatu, na kila jibu lina somo lake.

La kwanza ni vuta-sukuma, lililokuzwa Mbita na timu ya Zeyaur Khan wa icipe pamoja na watafiti wa Rothamsted, Uingereza, tangu miaka ya 1990. Unapanda desmodium katikati ya mahindi na nyasi za nepia pembeni. Harufu ya desmodium inawafukuza wadudu wa funza wanaotoboa mabua, nepia inawavuta nje, na mizizi ya desmodium inaidanganya mbegu ya kayongo iote halafu ife. Ni kazi safi kabisa. Lakini mkulima akitaka kuanza, kitu cha kwanza kinachomkwamisha mara nyingi ni mbegu ya desmodium. Maarifa ni ya bure, mbegu si rahisi kupata. Hapo palihitajika kampuni za mbegu, nyingi, za vijana wa huku.

La pili ni mahindi ya Ua Kayongo, yaliyoingia sokoni Kenya mwaka 2005. Mbegu yake inapakwa dawa ya magugu ambayo mahindi yenyewe yanaivumilia. Sayansi ilitoka CIMMYT na Taasisi ya Weizmann ya Israeli, dawa ikatoka BASF. Jina ni la nyumbani, tena ni jina kali. Lakini umeona mwenyewe mtindo: ule ule wa Suna.

La tatu ndilo linalonipa moyo, na nitalikalia kidogo. Profesa David Sands wa Chuo Kikuu cha Montana State, Marekani, na Dkt. Henry Sila Nzioki wa KALRO walishughulika na kuvu anayeua kayongo bila kugusa mahindi. Kuvu huyo yuko kwenye udongo wa kawaida. Wao walichagua aina zilizo kali zaidi. Shida ilikuwa kumfikishia mkulima kitu hai, kisife njiani. Walimweka kwenye kijiti cha kuchokorea meno! Mtu wa kijijini anapika wali, anaupoza, anachomeka kijiti, anangoja siku chache kuvu aenee kwenye wali, kisha wakulima wanatia kiasi kidogo kwenye kila shimo wakati wa kupanda. Mwaka 2014 walijaribu na wakulima 500 magharibi mwa Kenya, na mavuno yakapanda kwa asilimia kati ya 42 na 56 kutegemea msimu.

Wangeweza kuishia hapo. Makala ilitoka mwaka 2016, profesa ana profesa wake, daktari ana daktari wake, asanteni kwa kuja. Badala yake kulianzishwa kampuni hapa Kenya, Toothpick Company, na dawa ikapewa jina la kuuzika: Kichawi Kill. Ilibidi ipite kwenye Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu kama dawa nyingine yoyote. Ilibidi ipatikane namna ya kuitengeneza kwa wingi na kuifungasha, maana huwezi kuambia kila duka la agrovet lipike wali. Kazi hiyo yote ilichukua miaka baada ya sayansi kuwa tayari.

Hiyo miaka ya katikati ndiyo kiini cha maneno yangu. Mfadhili anakoma kulipa makala ikichapishwa. Benki haiji mpaka ione mauzo. Katikati kuna majaribio ya pili na ya tatu, usajili, bidhaa 1,000 za kwanza ambazo pengine zitarudishwa, na mtu wa kuzunguka sokoni akitukanwa na wateja. Nani anamlipa huyo mtu? Huku kwetu, hakuna. Kwa hivyo ugunduzi unalala kwenye droo, au unapanda ndege.

Serikali ilijua hili. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda KeNIA, wakala wa kusukuma ubunifu, na Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, na ikaandika kwamba hazina hiyo ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kukaribia hapo. Sheria iko, chapaa haiko. Lakini mimi sitaki tukae tukisubiri Nairobi, kwa sababu kuna mambo ambayo chuo kinaweza kufanya bila shilingi moja ya ziada.

La kwanza ni kuacha uroho wa karatasi. Kwa sheria yetu ya mali ya viwanda ya 2001, kitu anachobuni mwajiriwa ndani ya kazi yake kwa kawaida ni cha mwajiri. Kwa hivyo mhadhiri akigundua kitu, chuo kina mkono ndani. Sawa, lakini mkono mkubwa kiasi gani? Uingereza walikuwa na ugomvi huohuo miaka mingi, vyuo vikidai hisa nene mpaka wawekezaji wanakimbia. Mwaka 2023 ripoti iliyoagizwa na serikali yao ikapendekeza chuo kichukue asilimia 10 hadi 25 kwa kampuni za sayansi ya viumbe, na 10 au chini kwa za programu za kompyuta. Namba kama hiyo, iandikwe mlangoni, kila mtu aione. Sio mtafiti azungushwe miaka miwili kwenye kamati huku soko likihama.

Na wewe mwanafunzi, sikiza hapa: wewe si mwajiriwa. Haki yako juu ya mradi wako inategemea sera ya chuo na karatasi ulizotia sahihi. Zisome kabla hujamwonyesha mtu mradi wako. Joseph Nguthiru alikuwa mwanafunzi wa uhandisi Egerton alipokwama na wenzake kwenye magugu maji ya Ziwa Naivasha. Mradi wake wa chuo ukawa HyaPak, kampuni inayogeuza magugu maji kuwa vifungashio vinavyooza, kwenye nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017. Magugu maji hayo hayo yamejaa Ghuba ya Winam, tunayaangalia kila siku tukisema ni balaa.

Jambo la pili litawaudhi maprofesa kidogo. Mwanasayansi mzuri mara nyingi si mwuzaji mzuri, na hakuna haja awe. Kwenye mradi wa vijiti, Sands na Nzioki walibaki na kuvu wao. Mambo ya kuongoza mradi yakashikwa na wengine, akiwemo Claire Sands Baker. Huku kwetu watu wa upande huo wako wengi, ila hawana kadi ya chuo. Mimi mwenyewe niliacha chuo karo iliponishinda, na najua wenzangu waliouza mitumba, kuku na hata maji ya ziwa, wanaojua mteja wa Rodi atalipa kiasi gani na siku gani ya mwezi. Profesa hajui hilo na hakuna kitabu kitakachomfundisha. Awapatie hisa, waende kazi.

Najua kuna anayesema sayansi ikiingia sokoni itaharibika. Ana hoja. Wazee wanakumbuka Kemron, dawa ya Ukimwi iliyotangazwa kwa shangwe hapa Kenya mwaka 1990 na majaribio ya baadaye yakashindwa kuona faida yake. Watu walikuwa wakifa, na matumaini yaliuzwa kabla ya ushahidi. Lakini ukiangalia vizuri, Kemron iliruka miaka ya katikati. Kichawi Kill iliipitia, hatua kwa hatua, na wakulima 500 kabla ya kuuza.

Kwa hivyo nawaomba Rongo na Tom Mboya kitu kimoja kidogo. Chagueni siku ya soko hapa Rodi, katikati yenu. Wahadhiri waje na kilicho kwenye droo, wanafunzi na miradi yao, kila mmoja dakika tano, kwa Kiswahili au Dholuo, bila projekta. Wenye agrovet, wakulima na watu wa boda wasikilize, kisha waseme bei. Kiingilio bure. Uwanja uko kando ya steji, na viti tutaazima kanisani.