Kiti cha Geneva na Mgonjwa wa Kagerankanda

Mei 18, 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani katika kanda ya Afrika zilimchagua Profesa Mohamed Janabi wa Tanzania kuwa Mkurugenzi wa Kanda. Uchaguzi huo uliletwa na msiba. Dkt. Faustine Ndugulile, Mbunge wa Kigamboni, aliyechaguliwa kushika kiti hicho hicho Agosti 2024 mjini Brazzaville, alifariki dunia Novemba 27 ya mwaka huo kabla hajakikalia. Hivyo Afrika iliipa nchi yetu imani yake mara mbili katika muda usiotimia mwaka mmoja. Hiyo ni heshima kubwa, na wananchi waliishangilia kwa haki.

Lakini ngoma ikishalala, kazi hubaki pale pale. Uchaguzi mwingine ulio mkubwa zaidi umewekewa tarehe. Muhula wa pili na wa mwisho wa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika, unakwisha Agosti 2027, na kazi ya kumteua mrithi wake ni ya Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa Mei mwaka huo. Zamani Bodi ya Utendaji ilipeleka jina moja tu mbele ya Mkutano. Tangu mwaka 2017 nchi zote hupiga kura ya siri kuchagua miongoni mwa wagombea. Kura ya Tanzania ni moja, na kura ya mwanachama tajiri kuliko wote ni moja vile vile. Tunauliza: itapigwa kwa kipimo gani?

Wako watakaosema tumtafute ndugu yetu, au rafiki wa ndugu yetu. Hatuwaungi mkono. Profesa Janabi anazo nchi 47 za kuzitumikia, na siku atakapoipendelea Tanzania atakuwa ameiaibisha. Sisi tunapendekeza kipimo kingine, nacho kiko mbali na Geneva na mbali na visiwa vyetu. Kipimo hicho ni Kagerankanda, huko Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, kwa wakulima wa mahindi na maharage kandokando ya msitu. Mgombea atueleze ni kwa njia gani uongozi wake utamfikia mama wa huko aliyembeba mtoto mwenye homa.

Msomaji wa Unguja au Pemba ataona tumekwenda mbali mno. La hasha. Utafiti wa mwaka 2017 uliikuta malaria kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne walio chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, wakati Zanzibar haikufika hata mmoja kati ya mia. Tofauti hiyo haiwezi kulindwa na bahari peke yake, kwani kila siku watu huvuka kwa meli na kwa majahazi, na vimelea vya malaria huvuka nao ndani ya damu. Afya yetu sisi wa visiwani imefungamana na ya mkulima wa Kagerankanda, tupende tusipende.

Wazee wetu wanayajua haya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Shirika hilo hilo, ilianza hapa kampeni ya kuitokomeza malaria, na ugonjwa ukapungua sana. Kampeni iliposimamishwa mwaka 1968, malaria ilirudi. Kiongozi anayefaa ni yule asiyeiacha kazi njiani kwa sababu wafadhili wamechoka.

Na wafadhili wamechoka kweli. Januari 20, 2025, Rais wa Marekani alitia saini amri ya kuitoa nchi yake katika Shirika. Mei mwaka huo bajeti ya miaka 2026 na 2027 ikapitishwa kwa dola bilioni 4.2, badala ya bilioni 5.3 zilizokuwa zimependekezwa. Anayekuja atapaswa kuchagua kipi kikatwe, na wanyonge ndio hukatwa kwanza asipokuwapo wa kuwasemea.

Siku hiyo hiyo ya Januari 20, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, Dkt. Tedros akiwa pembeni yake, alithibitisha kuwapo kwa mgonjwa wa Marburg huko Biharamulo, mkoani Kagera, mkoa unaopakana na Kigoma. Siku sita kabla, Shirika lilikuwa limetoa tahadhari, na Wizara ilijibu kwanza kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Machi 13, baada ya kuua watu kumi. Tunaipongeza Serikali kwa kusema kweli hadharani. Funzo tunalolipata ni kwamba Mkurugenzi Mkuu hana askari wala uwezo wa kuiamuru serikali yoyote. Silaha yake ni ukweli, kuusema mapema na kisha kusimama pamoja na nchi iliyopatwa.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu mambo mawili. Kwanza, kabla ya kura Serikali iwaeleze wananchi sifa inazozitafuta kwa mgombea. Siri ya kura isiwe kichaka cha kufichia kupeana fadhila. Pili, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, lakini kiti katika Mkutano Mkuu ni kimoja, maoni ya Wizara ya Afya ya Zanzibar yasikilizwe mapema, wala yasiwe ya kuarifiwa baada ya uamuzi.

Heshima ya kutoa viongozi tumeshaipata. Iliyobaki ni heshima ya kuwachagua vizuri, na hiyo itapimwa Kagerankanda.