Mlezi Hauzi Shamba la Yatima



Wapo watu mjini, wengine wamefunga tai, wanaotuambia kwamba nchi ikipata uhuru hurithi mikataba yote ya mtawala aliyeondoka, mizuri na mibaya. Husema: dawa ya deni ni kulipa. Naam, dawa ya deni ni kulipa. Lakini kwanza tuambiwe, deni ni la nani?

Tuanze na mambo tunayoyajua sote. Mkulima anayemdai mwenye duka shilingi mia aweza kumwambia, "Mlipe shemeji yangu." Amehamisha haki yake, na mwenye duka hakupunjwa, maana atalipa zile zile mia. Wajibu si hivyo. Fundi uliyepatana naye akujengee nyumba hawezi kukuletea mtu mwingine kisha akaenda zake, ila wewe ukubali. Na watu wawili wakikaa barazani wakapatana kwamba atakayelipa ni mtu wa tatu, naye amelala kwake, huo si mkataba. Huo ni wizi ulioandikwa kwa wino.

Basi tazameni tuliyotendewa. Tarehe 15 Machi, 1921, Mwingereza na Mbelgiji walitia sahihi mkataba juu ya bandari zetu. Mbelgiji alipewa viwanja Dar es Salaam na Kigoma apate kupitishia mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Kodi yake? Faranga moja kwa mwaka. Muda wake? Milele! Na hati ya kumkabidhi Mwingereza udhamini wa Tanganyika ilikuwa haijathibitishwa na Shirikisho la Mataifa. Ilithibitishwa Julai, 1922.

Mwingereza hakuwa mwenye mali. Alikuwa mlezi. Mlezi wa yatima hulinda mipaka ya shamba, na mtoto akikua humkabidhi. Je, aweza kumpangisha jirani shamba hilo milele kwa faranga moja? Mtu hawezi kumpa mwenziwe zaidi ya alicho nacho. Mwenye ulezi wa muda hana milele mfukoni mwake!

Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili Bungeni tarehe 30 Novemba, 1961, siku tisa kabla ya Uhuru: ukodishaji wa milele uliofanywa na mwenye madaraka ya muda hauwezi kuifunga Tanganyika huru. Wala hakuichana mikataba yote ovyo. Ile ya nchi na nchi aliipa miaka miwili ichunguzwe. Unaofaa ufanywe upya kwa hiari yetu. Usiofaa, na ambao sheria ya mataifa haiudumishi yenyewe, ufe. Huo ndio uungwana.

Na maji nayo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1929 Mwingereza aliiahidi Misri kwamba katika nchi alizozitawala haitajengwa kazi yoyote juu ya Nile na maziwa yake, ya kuipunguzia Misri maji, bila Misri kukubali. Mvuvi wa Mwanza hakuulizwa. Mwaka 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba ahadi ile haiifungi. Leo maji ya Ziwa Victoria yanafika Kahama na Shinyanga. Kama tungalirithi sahihi ile, mama wa Shinyanga angalingoja ruhusa ya Kairo apate kujaza ndoo!

Hatusemi kwa chuki. Kongo, Rwanda na Burundi ni ndugu zetu, na mizigo yao lazima ipite. Waje tupatane nao, uso kwa uso, kwa kodi ya haki na muda unaojulikana.

Lakini, ndugu, tusiishie kumlaumu mkoloni. Leo walezi ni sisi, na yatima ni watoto ambao hawajazaliwa. Kampuni inayopewa ardhi ya kijiji leo yaweza kesho kumwuzia haki yake mtu ambaye hatujapata kumwona. Kwa hiyo kila tawi, mkataba ukiletwa, liulize mambo matatu. Anayetia sahihi ana haki gani juu ya mali hii? Muda unakwisha lini? Je, aweza kumhamishia mwingine bila idhini yetu?

Jibu la mwisho likiwa "aweza", kalamu iwekwe chini. Tuliikataa sahihi ya mlezi wa jana. Tusiwaachie wajukuu wetu kazi ya kuikataa ya kwetu.