Uhalisi Hauko katika Wingi wa Mistari

Neno "uhalisi" tunalitumia kwa wepesi mno sisi tunaosoma na kuhakiki mashairi. Mshairi akiutaja mji kwa vichochoro vyake vyote, akahesabu milango, akaorodhesha harufu za kila jiko, tunamsifu kwamba ameuchora mji kama ulivyo. Nina shaka na sifa hiyo, na shaka yangu haikutokana na diwani yoyote. Imetokana na kazi ya mkono niipendayo: kuunda ndege ndogo za plastiki, na hasa kuipaka plastiki rangi mpaka jicho likubali kwamba ni mbao.

Ndege nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia ziliundwa kwa mbao na kitambaa. Albatros D.V, ndege ya kivita ya Wajerumani ya mwaka 1917, mwili wake ulikuwa wa plaiwudi, vipande vilivyopigiliwa juu ya fremu ya mbao kama mbao za jahazi juu ya mataruma. Nyingi kati yake hazikufunikwa rangi mwilini. Zilipakwa vanishi tu, zikabaki na wekundu wa asali. Anayeiunda leo kwa skeli ya 1:48 hupewa plastiki ya kijivu isiyo na uzi wala kifundo, na humo ndimo anamotakiwa kuutoa mti.

Njia yenyewe haina siri. Kwanza hupakwa rangi hafifu, kama ya mchanga mkavu. Ikishakauka vema, huchukuliwa rangi ya mafuta, kahawia ya udongo, kiasi kidogo mno, ikaburutwa kwa brashi ngumu iliyofutwa mpaka ikakaribia kukauka. Nywele za brashi ndizo zichorazo nyuzi. Mkono huongoza mwelekeo tu. Hufuata siku kadhaa za kungoja, maana rangi ya mafuta haina haraka na mtu. Mwisho hupakwa tabaka jembamba la rangi angavu, ya njano au ya chungwa, ambalo hushika nafasi ya vanishi: ukali wa mistari hupungua, na vilivyokuwa mbalimbali huwa kitu kimoja. Ugomvi wangu na wenzangu huanzia hapa. Kwa kuwa kuchora nyuzi ni rahisi na kunapendeza, mkono haujui kuacha. Nimeona Albatros zenye mistari myeusi kama punda milia, nazo ndizo zinazokusanya watu mezani. "Uhalisi ulioje!" husemwa.

Tupige hesabu basi. Uzi wa mbao wenye upana wa milimita 1 katika ndege yenyewe, ukipunguzwa mara 48, huwa na upana wa milimita 0.02 hivi. Huo ni mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Tena, unapoishika ndege hiyo ndogo umbali wa sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na kuitazama ndege halisi ukiwa umesimama mita 14 na ushei. Nani awezaye kuhesabu nyuzi za mlango wa nyumba ya jirani kutoka mita 14? Aonacho ni rangi ya mlango, mng'ao wake, na pengine kwamba ubao mmoja umekolea kuliko wa pili. Yule mchora mistari minene, kwa hiyo, hakuchora ndege kama ionekanavyo. Amechora jambo alijualo kuhusu mbao, akatuhimiza tujue kwamba analijua.

Nasikia jibu lao, nalo si la kupuuzwa: ukifuata hesabu hiyo bila huruma, hutachora uzi hata mmoja, na plastiki itabaki plastiki. Ni kweli. Lazima pawe na kutia chumvi kidogo. Lakini lugha yetu imelichagua neno hilo kwa busara, kwa kuwa chumvi ni ya kukoleza mchuzi, na mla asemaye "chumvi hii!" hausifu mchuzi.

Mbao huonekana hasa katika tofauti ya kipande na kipande. Mwili wa Albatros haukuwa ubao mmoja. Ulikuwa vipande vingi, na kila kimoja kilitoka na weupe wake au wekundu wake. Mpakaji mvumilivu huvifunika vipande kwa utepe, kimoja baada ya kimoja, akabadili rangi ya msingi kwa kiasi kisichosemeka, akageuza kidogo mwelekeo wa brashi. Ni kazi ya jioni nyingi, na mtazamaji haioni. Anaona mbao tu. Halafu kuna jambo ambalo seremala yeyote angetusuta nalo: plaiwudi kwa kawaida haitokani na gogo lililopasuliwa kwa msumeno. Gogo huzungushwa, likamenywa kwa kisu kirefu, utando mrefu ukafunguka kama jamvi. Nyuzi zake hupanuka na kuyumba. Hazinyooki kama za ubao wa mninga uliopigwa randa. Wengi huchora ubao wa msumeno juu ya ndege ya plaiwudi, kama mtu atiaye vina vya utenzi ndani ya shairi la tarbia kisha akashangaa kwa nini halikai.

Mzee mmoja seremala wa mtaani kwetu alipita siku moja nikiwa na ndege mbili mezani, moja ya rafiki yangu, yenye mistari ya kutosha, na moja yangu. Ile ya kwanza aliitazama akatabasamu. "Hii mmeichora vizuri," alisema. Ya pili aliigusa kwa ukucha, akaigongagonga, kisha akauliza, "Mwanangu, mti gani huu?" Sijui sifa iliyo kubwa kuliko swali hilo.

Yapo pia mahali ambapo uhalisi hudai usichore kitu. De Havilland Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, ilikuwa ya mbao karibu yote, plaiwudi nje na balsa katikati. Lakini juu yake palibandikwa kitambaa, kikapakwa rangi. Mpenzi wa mbao atamani kuonyesha kwamba anajua kilichomo ndani. Hana budi kuzuia mkono. Na hapa kwetu, ndege za baharini za Waingereza zilizoletwa katika vita vya Rufiji kuitafuta manowari ya Königsberg, iliyoangamizwa Julai 1915, zilishindwa na joto la pwani hata gundi ikayeyuka. Anayetaka kuziunda asisahau kwamba mabawa yake yalikuwa na kitambaa juu. Uzi wa mti autafute kwenye nguzo za kati ya mabawa, na kwenye rafadha.

Rafadha ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote (wengine husema pangaboi, nami sina ugomvi nao, ila pangaboi hunipeleka kwenye feni ya darini). Ilitengenezwa kwa mbao kadhaa zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, mara nyingi nyeupe kwa nyeusi, kisha ikachongwa kwa mpindo. Kwa kuwa kisu kilipita kwa mshazari, mipaka ya tabaka ilitokeza juu kama mistari ya mwinuko kwenye ramani ya mlima. Hapo mistari ni ya haki, kwa kuwa upana wake ni wa sentimita, na hata ikipunguzwa mara 48 bado yaonekana. Hapo nachora bila kujizuia: utepe mwembamba, kahawia nzito, kahawia nyepesi, vanishi juu. Kisha naipachika puani mwa ndege, mbele ya mwili ule mtulivu usio na mstari wa kuhesabika.