Kompyuta peke yake haziondoi ukiritimba

Mfanyabiashara anayetaka kufungua mashine ya kukoboa na kusaga mahindi siku hizi halazimiki kupanga foleni dirishani kwa kila karatasi. Jina la biashara analisajili BRELA kwa njia ya mtandao. Namba ya mlipa kodi anaipata TRA. Leseni anaiomba halmashauri kupitia mfumo wa Tausi, na ada analipa kwa simu baada ya kupewa namba ya malipo. Kwa aliyefanya biashara miaka ya 1990, wakati faili likipotea mezani kwa karani mwombaji alianza upya, haya ni maendeleo makubwa na yanastahili sifa.

Hata hivyo, safari ya mwenye mashine haijaishia hapo. Lazima TBS wasajili jengo lake na kupima unga kabla ya kumpa alama ya ubora. OSHA wanakagua usalama wa wafanyakazi. Zimamoto wanakagua mitungi ya kuzimia moto na njia ya kutokea. Wakala wa Vipimo wanahakiki mizani. Afisa afya wa halmashauri anakagua choo, sakafu na vyeti vya afya vya wapakiaji. Kwa kutegemea ukubwa wa mradi, NEMC nao wana yao kuhusu mazingira. Kila mmoja anakuja siku yake, na fomu yake, na ada yake.

Kwa maneno mengine, foleni imehama kutoka dirishani kwenda kwenye mtandao, lakini milango imebaki mingi.

Hasara yake ni hesabu rahisi. Chukua mfano wa mtu aliyekopa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Kila mwezi benki inamdai riba ya shilingi 300,000, mashine iwe inasaga au imefunikwa turubai. Ikiwa kodi ya jengo ni shilingi 400,000 na mlinzi analipwa 150,000, mwezi mmoja wa kusubiri kibali unamgharimu shilingi 850,000. Miezi mitatu ni shilingi 2,550,000, yaani zaidi ya asilimia 12 ya mkopo wote, kabla ya kuuza kilo moja ya sembe. Fedha hizo hazionekani kwenye orodha ya ada za ofisi yoyote. Zinaonekana kwenye daftari la mwenye mashine tu.

Ndiyo maana wengi huamua kuanza kimya kimya. Wanasaga usiku, wanafungasha kwenye mifuko isiyo na jina, na mkaguzi akitokea wanamalizana naye palepale. Serikali inakosa kodi, mlaji anakosa uhakika wa unga anaokula, na mwenye mashine anakosa hati za kumwezesha kukopa zaidi au kuuza kwenye maduka makubwa. Hakuna anayefaidika isipokuwa mkaguzi asiye mwaminifu.

Ada zinazolisha ofisi

Wengi husema dawa ni kuongeza mifumo ya kompyuta. Hoja hiyo inasahau jinsi ofisi hizi zilivyozaliwa. Mageuzi ya utumishi wa umma ya miaka ya 1990 yalikuwa na nia njema. Hazina ilikuwa imeelemewa, mishahara ilikuwa midogo, na wafanyakazi wapatao 50,000 walipunguzwa serikalini. TRA ilianza kazi Julai 1996 ili ukusanyaji wa kodi utoke kwenye idara za wizara. Mwaka 1997 Bunge likapitisha Sheria ya Wakala za Serikali, na kutokana nayo zikaanzishwa wakala kama BRELA mwaka 1999. Wazo lilikuwa kwamba wakala iendeshwe kibiashara, itoze ada kwa huduma zake na ipunguze mzigo kwa Hazina.

Kwa upande mmoja mpango huo ulifaulu. Ofisi zilipata majengo, vitendea kazi na watumishi wanaolipwa vizuri kidogo. Kwa upande mwingine ulileta tabia ambayo mfanyabiashara yeyote anaielewa: duka linaloishi kwa mauzo halipunguzi bidhaa. Ofisi inayoendeshwa kwa ada za ukaguzi haina sababu ya kusema ukaguzi huu hauna haja, au kwamba jirani yake ameshaufanya. Tena taasisi za umma hutakiwa kuchangia asilimia 15 ya mapato ghafi kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo hata Hazina, ambayo ingepaswa kuwa ya kwanza kuhoji wingi wa ada, ina fungu lake ndani yake.

Haina maana kwamba Serikali haijaona tatizo. Mwaka 2018 ulitolewa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, unaojulikana kwa wengi kwa jina la Blueprint, ambao ulitaja wazi mwingiliano wa majukumu na wingi wa tozo. Mwaka 2019 kazi ya kudhibiti chakula na vipodozi ilihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Msindikaji wa chakula aliyekuwa akikaguliwa na taasisi mbili kwa bidhaa ileile akapunguziwa mlango mmoja. Mfano huo unathibitisha kwamba jambo hili linawezekana, na kwamba halikuhitaji kompyuta. Lilihitaji uamuzi.

Kinyume chake kilionekana Kariakoo Mei 2023. Wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia pamoja na mambo mengine kikosi kazi cha kodi na utaratibu wa kusajili stoo, na aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alilazimika kwenda kuwasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Wakati huo mashine za kutolea risiti za kielektroniki zilikuwa zimetumika nchini tangu mwaka 2010. Vifaa vya kisasa vilikuwepo, lakini maelewano kati ya ofisi na mlipa kodi yalikuwa ya kizamani.

Mkubwa mlango mmoja, mdogo milango kumi

Kuna jambo jingine la kutazamwa. Mwekezaji mkubwa ana mahali pa kupata huduma za ofisi nyingi pamoja. Kituo cha Uwekezaji, TIC, kilifanya kazi hiyo tangu mwaka 1997 hadi kilipounganishwa na EPZA mwaka 2025 kuwa TISEZA. Lakini sheria ya uwekezaji ya mwaka 2022 iliweka kiwango cha mtaji wa dola za Marekani 50,000 kwa Mtanzania anayetaka cheti cha vivutio. Mwenye mashine ya milioni 20 hafikii hata robo yake. Yeye, ambaye hana mwanasheria wala mhasibu wa kumtuma, ndiye anayezunguka mwenyewe.

Kenya ilianza vituo vya Huduma mwaka 2013, ambapo mwananchi wa kawaida anakuta madirisha ya idara nyingi chini ya paa moja. Vituo hivyo havikumaliza matatizo yote, lakini viliwekwa kwa ajili ya mtu mdogo kwanza. Hilo ni funzo.

Mwenye hisa chache DSE naye asidhani mambo haya hayamhusu. Kampuni za saruji, bia na benki zilizoorodheshwa hulipa ada hizohizo kwa ofisi hizohizo. Gharama hiyo ama inaingia kwenye bei kwa mlaji, ama inatolewa kwenye faida kabla gawio halijatangazwa.

Nini kifanyike? La kwanza, ada ya kibali ilingane na gharama halisi ya kukitoa, na bajeti ya wakala itoke Hazina kwa kupima kazi iliyofanyika, siyo idadi ya vibali vilivyouzwa. Wapo wanaohofia kwamba hatua hiyo itarudisha ofisi kwenye ukata wa miaka ya 1980. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu fedha ziambatane na muda wa huduma uliotangazwa hadharani. La pili, ukaguzi wa jengo ufanyike kwa pamoja, siku moja, kwa fomu moja, angalau kwa biashara ndogo zisizo na hatari kubwa. La tatu, ofisi ikinyamaza hadi muda uliotangazwa kupita, biashara iruhusiwe kuanza na ukaguzi ufuate baadaye.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Kila mwaka kabla ya bajeti Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo, na TCCIA na Jumuiya ya Wafanyabiashara hupata nafasi ya kusema. Malalamiko ya jumla hayana nguvu mezani. Daftari lenye tarehe ya maombi, tarehe ya ukaguzi, tarehe ya kibali na fedha iliyopotea kati yake lina nguvu. Mwenye mashine anayeandika tarehe hizo leo anawapa wasemaji wake kitu cha kusimamia, na anaipa Serikali kipimo cha kujua kama mageuzi yamefika mpaka mtaani.