"Grow" ni kukua? Hapana, subiri kidogo

Wadau, shuleni tulifundishwa kwamba "grow" ni kukua. Tukaandika kwenye daftari, tukasonga mbele. Mimi nilikuja kuumbuka Ifakara. Nilikuwa natafsiri ripoti ya kilimo, nikaandika kwamba wananchi "wanakuza mchele". Mzee mmoja mkulima nilipomsomea akacheka mpaka akakaa chini. "Kijana wangu, sisi tunalima mpunga. Mchele utaukuta mashineni, ukishakobolewa."

Degree yangu ikanyamaza.

Mwingereza ana kitenzi kimoja pale ambapo sisi tuna lundo. Mpunga unaota, mtoto anakua, kijana anaota ndevu, na asipozinyoa tunasema anazifuga, kama kuku! Mtu anazeeka, giza linaingia. Kote huko yeye ni "grow" tu. Hata kwao kuna ugomvi: Bill Clinton alipogombea urais wa Marekani mwaka 1992 na kuahidi "grow the economy", wajuzi wa lugha walinuna, eti mtu analima nyanya, halimi uchumi. Sisi tuna kukua na kukuza, kwa hiyo hatukupata shida.

Ila kuna neno linaniuma: "outgrower". Ukitoka Ifakara kwenda Kidatu utawakuta wakulima wadogo wanaouza miwa yao kiwandani. Kwa Kiswahili wanaitwa "wakulima wa nje". Nje ya wapi, jamani? Mtu yuko kwenye shamba lake mwenyewe, jembe lake, jasho lake. Ni nje ya shamba la kiwanda. Yaani kiwanda ndiyo nyumba, wengine wote wako barazani. Kiingereza kililificha hilo, Kiswahili kikalianika.

Mwaka 2010 mpango wa SAGCOT ulipotangazwa Dar es Salaam, bonde la Kilombero likiwemo, ile herufi G ilikuwa ya "growth". Sawa, ukuaji. Lakini wa nani? Gunia zinaweza kuongezeka na mwenye shamba akabaki palepale, akauza mapema kwa bei ya kutupa kwa sababu ada ya mtoto haisubiri. Kiingereza kinakuruhusu kusema "growth" ukanyamaza. Kiswahili kinakudai: nani anakua?

Siku hizi kwenye habari zangu naandika "wakulima wanaouzia kiwanda miwa". Ni ndefu, najua. Mhariri ameshaikata mara mbili, na nitairudisha.