Msitu wa Pugu Hauonekani Dirishani mwa Basi

Kama unakaa Kibaha au Kisarawe na Mungu amekujalia miguu mizima, nina neno nawe. Umeupita msitu wa Pugu mara ngapi? Umeupita ukiwa ndani ya daladala, umebanwa kati ya ndoo na kiroba cha mihogo, kondakta akikuhimiza usogee nyuma. Ukaona kijani kikipita dirishani, ukasema moyoni "msitu huo", ukarudi kwenye simu yako. Ujuzi wako wa Pugu uliishia hapo. Wangu nao uliishia hapo hapo kwa miaka mingi, kwa hiyo sina kiti cha hakimu.

Kilichoniingiza msituni ni hofu. Nilikuwa nimezoea kunyoosha viungo kwa baiskeli pembezoni mwa barabara ya Morogoro, kutoka Maili Moja hadi Kongowe na kurudi. Asubuhi moja basi lilinipita karibu mno, upepo wake ukanitupa mtaroni pamoja na baiskeli yangu ya Phoenix. Nikatoka na goti lililochubuka na usukani uliopinda. Fundi aliyeunyoosha aliniambia huku akigonga nyundo: "Mzee, barabara ile si ya baiskeli tena. Nenda Kisarawe. Kule utagombania njia na nyani tu."

Nikamsikiliza. Niliacha lami pale Kiluvya, nikashika njia ya vumbi ya kuelekea Mpuyani, na kabla jua halijakaza nikawa kwenye geti la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, ambayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Vilima vya huko vilivyo virefu kabisa vina mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Lushoto au wa Mbeya atacheka akisikia tunaviita milima. Acheke, kisha apande kwa baiskeli isiyo na gia. Mimi kilima cha kwanza nilikisukuma kwa mkono kuanzia chini hadi juu, na cha pili nilikikanyaga nusu. Lakini nilipofika juu na kuanza kuteremka, nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu utotoni: sauti ya cheni yangu mwenyewe. Hapakuwa na honi, hapakuwa na muziki wa daladala. Ndege aliita upande wa kushoto, nikafunga breki nimtafute, na hakuna aliyenitukana kwa kusimama katikati ya njia.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya baiskeli, nayo wengi hawaijui. Gari linakupitisha mahali, na miguu mitupu inakuchosha kabla hujafika mbali. Baiskeli inakwenda kwa mwendo ambao jicho linauweza. Unaona msandarusi, unaona mkongo, unaona shimo la mhanga, na ukitaka kurudi nyuma hatua kumi kutazama vizuri, unarudi.

Na vya kutazama vipo. Msitu huu ni kipande cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, misitu iliyokatwakatwa ikabaki kama viraka, na ndani ya viraka hivyo wanaishi viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Humo yumo komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, yaani mwepesi kuliko andazi la asubuhi. Wataalamu wamewahi kumhesabu miongoni mwa wanyama wa jamii ya nyani na kima walio karibu zaidi kutoweka. Wakenya na Waganda hawana komba huyo. Sisi tunaye, umbali wa kilometa thelathini hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam, na ukiuliza vijana kumi wa Kibaha, sidhani kama mmoja amewahi kumsikia.

Mtu ataniambia: haya, msitu upo, lakini wageni wanataka na magofu ya kale. Ni kweli kwamba Pugu haina misikiti ya mawe. Ina mapango yaliyochimbwa na watu waliotafuta udongo mweupe wa kaolini, na leo wenyeji wake ni popo. Jioni wanatoka kwa maelfu, na ukisimama mdomoni mwa pango upepo wa mabawa unakupiga usoni. Ina reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, wakaikatisha katika vilima hivi hivi kuelekea Morogoro. Ina shule ya Pugu, ambako mwalimu Julius Nyerere alifundisha hadi mwaka 1955, alipoacha chaki ili afanye kazi ya TANU. Wazee husimulia kwamba alikuwa akiteremka kwa miguu kwenda mikutanoni mjini. Sishangai, maana mwaka 1967, akiwa tayari ni Rais, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Leo sisi tunapanda bodaboda kwenda dukani.

Anayetaka mawe hasa, ageuke upande wa kaskazini. Barabara ya Makofia, Mlandizi na Maneromango inaanzia wilaya ya Bagamoyo, inakatiza wilaya ya Kibaha na kuingia ndani kabisa ya Kisarawe. Upande ule wa Bagamoyo yako magofu ya Kaole: msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe. Bakuli za Kichina zilizopatikana pale zinaonyesha kuwa biashara yetu na Mashariki ya Mbali haikuanza juzi. Baadaye, katika karne ya 19, Wazaramo walikuwa wakichimba sandarusi kwenye ardhi ya misitu ya pwani, ikapelekwa Unguja, na kutoka Unguja ikavuka bahari hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Basi msitu na bandari ni hadithi moja. Mwenye siku tatu na matairi mazima anaweza kuifuata hadithi hiyo kwa baiskeli, siku mbili akiwa njiani na ya tatu akiwa ndani ya hifadhi ambako hakuna gari la kumsukuma mtaroni.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Alfajiri, katika barabara itokayo Kisarawe, utakutana na waendesha baiskeli hodari kuliko wote ninaowajua. Hawana kofia ngumu wala suruali za kubana. Wana magunia ya mkaa kwenye karia, mawili, wakati mwingine matatu, yamefungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, na kwenye mteremko wanashusha miguu chini kusaidia breki. Sitawatukana watu hawa. Wana watoto, na mjini tunaoununua mkaa huo ni sisi. Ila tuseme kweli: kila gunia ni mti. Kijana anayejua kila njia ya panya ndani ya vilima vile, anayeweza kusukuma mzigo wa kilo mia mlimani, ndiye mwongozaji wa safari za baiskeli tunayemtafuta. Gunia analouza likiisha hana kingine ila kurudi kukata. Mgeni akiongozwa vizuri hurudi mwenyewe, na huja na nduguye.

Najua kinachotuzuia. Tumejifundisha kwamba baiskeli ni alama ya umaskini. Ukinunua pikipiki umeinuka, na mwenye gari hata kwenye duka la pili hafiki bila kuwasha injini. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, na watu walijaa kandokando ya vilima vya mji ule kushangilia. Wanyarwanda hawakuona aibu. Kule Naivasha, Kenya, watu wanalipa ili waendeshe baiskeli kati ya pundamilia na twiga katika hifadhi ya Hell's Gate. Sisi baiskeli tunazo, vilima tunavyo. Tumekosa nini isipokuwa nia?

Kwa wakubwa wa hifadhi na halmashauri zetu nina ombi dogo, wala halihitaji mkopo wa nje. Ziwekeni njia chache za ndani ya msitu ziwe za miguu na baiskeli peke yake, bodaboda isiingie. Pigilieni vibao vya mbao vinavyosema umebakiza kilometa ngapi kufika bwawa la Minaki na ngapi kufika mapangoni. Na baiskeli za kukodisha zisitoke mjini kwa mwenye mtaji. Zitoke kwa vijana wa vijiji vinavyozunguka msitu, na fundi wa kuziba pancha awe wa hapo hapo. Walimu wa Kibaha, mnaopeleka watoto Mikumi mara moja kwa mwaka kwa basi la kukodi, kumbukeni kwamba Pugu ni safari ya kwenda na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Nawe msomaji usingoje kibao wala halmashauri. Ile baiskeli iliyoegemea ukuta nyuma ya nyumba, yenye vumbi na tairi lililokaa chini, itoe leo uipeleke kwa fundi. Mwambie atie kiraka, apake cheni mafuta, akaze breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Mteremko wa Pugu unazihitaji zote.