Nzaa na Yũa

Msomaji kijana, huenda umeambiwa tangu darasa la kwanza kwamba lugha ya mama yako ni adui wa Kiingereza chako. Mimi nawafundisha walimu watarajiwa, na kila muhula huwasikia wakilirudia neno hilo kana kwamba ni sheria. Nalikana waziwazi, na shahidi wangu ni jambo tulijualo mno sisi watu wa Kitui na Makueni, yaani njaa.

Kiingereza kina maneno mawili hapa. "Hunger" aghlabu ni hali ya tumbo linalotaka chakula; "famine" ni msiba wa nchi nzima, ghala tupu na mifugo imekwisha. Kiswahili hutosheka na neno njaa kwa yote mawili. Siku moja nilikwenda kumkagua mwalimu mwanagenzi, nikaona katika daftari la mwanafunzi insha ya Kiingereza iliyosema kwamba kijijini kwao kulikuwa na "hunger" kubwa. Mwalimu alikuwa amelikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika "famine" juu yake, basi. Mtoto alilinakili sahihisho mara kumi wala hakujua kosa lake. Nikamwuliza kwa Kikamba kama nzaa na yũa ni kitu kimoja. Akacheka. Nzaa, alisema, humpata mtu kabla ya chakula cha mchana. Yũa huja mwaka mvua ilipokataa, na watu huipa jina.

Tazama basi! Tofauti ambayo mwalimu alishindwa kuieleza, mtoto alikuwa nayo tangu alipoanza kusema. Aliiacha nje ya mlango wa darasa kwa sababu aliamriwa aiache.

Na majina hayo ya yũa si mapambo. Iko Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19, na iko ya 1984 iliyoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nafa nami nimeshika: fedha ilikuwa mkononi, chakula cha kununua hakikuwapo. Jina hilo hukufundisha pia kutenga "famine" na "drought", maneno ambayo hata magazeti huyachanganya. "Drought" ni ukame, jambo la mawingu. "Famine" ni jambo la ghala, barabara na bei. Ukame waweza kupita bila yũa ikiwa mtama umewekwa akiba. Amartya Sen, mwanauchumi wa Uhindi, alionyesha katika kitabu chake cha 1981 kwamba watu waweza kufa kwa njaa hata chakula kikiwapo nchini, maadamu hawana uwezo wa kukipata. Wazee wetu waliyaona ya upande wa pili.

Watasema wapinzani wangu kwamba lugha ya nyumbani huleta makosa. Ndiyo, huleta. Kwa Kiswahili twasikia sauti, twasikia baridi, na hata harufu twaisikia. Kwa hiyo mwanafunzi huandika kwamba ana-"hear" baridi, mahali panapotaka "feel". Lakini je, kosa hilo hutoka kichwani kwa kupigwa marufuku? Hujificha tu, likangojea siku ya mtihani. Liweke mezani, maneno ya lugha mbili kando kwa kando, nalo litaonekana na kuondoka.

Tena si kila mara Kiingereza ndicho tajiri. Kitabu cha jirani nakiazima, nikamrudishia kile kile. Unga naukopa, ukaliwa, nikalipa mwingine. Mwingereza hapo ana "borrow" tu.

Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyenena lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni, akampasie mwenzake atakayekosa baada yake. Naona haya kwamba wako wanaokitamani kibao hicho hadi leo, ingawa Katiba ya 2010, kifungu cha 7, yaitaka serikali iziendeleze lugha za wenyeji.

Kesho utakapopewa jozi nyingine ya kukariri, "say" na "tell", au "lend" na "borrow", omba ruhusa uandike neno la nyumbani kando ya kila moja. Ukikataliwa, uliza sababu kwa adabu, nawe usikilize kama ni sababu au ni desturi.